Mnaouza miwani ya VR, mbona mnatupilia mbali boksi na kitabu cha maelekezo halafu mnatulaumu?

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na nitaandika kirefu, maana laki tisa kwangu si hela ya kuchezea.

Napiga picha na video za harusi hapa Tanga. Nilipopata kamera ya digrii 360, ile inayorekodi pande zote kwa mpigo, niliingia nayo Mapango ya Amboni, nikarekodi kuanzia mlangoni mpaka kule ndani ambako huoni kitu bila tochi ya mtembezaji. Nilikuwa na sababu. Mama yangu mkubwa, yupo Chumbageni, magoti yamekwisha, hawezi tena kushuka kwenye mawe wala kuinama kupenya. Wapo wazee wengi wa hivyo, na wapo wanafunzi wa viti vya magurudumu wanaobaki kwenye basi wenzao wakiingia pangoni. Nikasema hao nitawapelekea pango walipo.

Nikaenda duka moja Kariakoo kununua miwani ya VR, ile unayovaa machoni ukajiona kama upo ndani ya video. Muuzaji akaapa kabisa: "Kaka, hii haitaki kompyuta, haitaki waya, haimsumbui mtu, unavaa tu." Imetumika kidogo, boksi hakuna, kitabu hakuna. Eti maboksi yanakula nafasi dukani. Nikalipa, nikapanda basi.

Hiyo "unavaa tu" ikaanza kwa kudai apu kwenye simu, akaunti, kisha apdeti ya GB kadhaa. Bando la wiki liliisha usiku mmoja. Sawa, hilo nimelimeza.

Nikafungua video yangu: ukungu! Nilidhani kamera yangu mbovu. Kumbe ni hesabu tu, na muuzaji aliyeniambia "4K kali, kama upo pale" alitakiwa aijue. Video ya 4K ina pikseli, yaani vinukta vya picha, 3840 kwa upana, lakini kwenye digrii 360 hizo zimetandazwa duara zima. Ukiwa umevaa miwani unaona kama robo ya duara, yaani pikseli 960 hivi, na bado lenzi inazikuza puani kwako. Kuta za Amboni zilivyo na michirizi mizuri, mimi nikaona uji.

Halafu giza. Miwani hii inajua kichwa chako kiko wapi kwa kamera zake ndogo zinazotazama chumba. Umeme ulipokatika kwa mama mkubwa, ikapotea kabisa, picha inaelea huku na huku. Ndiyo maana kesho yake asubuhi nikamtoa barazani, kwenye mwanga.

Akakaa mkekani, nikamvalisha juu ya ushungi, nikaukaza mkanda taratibu. Akanyamaza. Kisha nikaona mkono wake unanyooka, vidole vinapapasa hewani. "Mwanangu, jiwe si hili hapa, mbona halishikiki?" Akawa anageuza shingo, anatazama juu kwenye dari la pango, ananionyesha kwa kidole mahali alipowahi kusimama akiwa msichana. Wakuu, kwa dakika ile laki tisa niliona si kitu.

Dakika ya tatu jasho jembamba likamtoka. Akaivua, akatapika kwenye beseni. Mama wa zaidi ya miaka sabini! Sababu ni kwamba nilirekodi huku natembea. Macho yanauambia ubongo "tunatembea", sikio la ndani linalopima mwendo linasema "tumekaa", tumbo ndilo linaloumia. Kamera ilitakiwa itulie kwenye stendi. Hili jambo la kichefuchefu linajulikana miaka mingi, na watengenezaji wenyewe wanalionya. Wewe ukaniambia haimsumbui mtu.

Na haikuishia hapo. Nikihangaika na maji na beseni, miwani niliiacha mkekani, lenzi zikitazama juu. Jua la saa nne lilishaingia barazani. Dakika chache tu. Zile lenzi zinakusanya miale kama kioo cha kukuzia tulichochomea karatasi utotoni, na kinachoungua ni kioo cha picha kilicho chini yake. Nilipoinua, kioo cha jicho la kushoto kina doa la njano katikati kabisa, halifutiki.

Nikampigia muuzaji. "Hiyo umeunguza mwenyewe, onyo lipo kwenye kitabu." Kitabu kipi? Si ndicho ulichokitupa wewe?

Msije mkaniambia VR ni utapeli, sijasema hivyo. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alitengeneza ya kuvaa kichwani mwaka 1968 kule Marekani, ikawa nzito mpaka ikabidi ining'inizwe darini. Mwaka 2024 Apple wametoa yao ya dola 3,499 na betri yake bado inaning'inia kwenye waya. Watu wenye hela zote hizo bado wanapambana na uzito, betri na kichefuchefu. Wewe wa dukani unashindwa nini kuniambia, "Kaka, usiiweke juani, usimvalishe mzee muda mrefu"? Sentensi mbili!

Jumatatu nashuka Dar na risiti yangu. Nataka anipe nyingine au arudishe sehemu ya hela. Aliyewahi kushinda kesi ya hivi aniambie alianzia wapi. Na kama kuna fundi anayebadilisha kioo cha hizi miwani, Tanga au Dar, aandike hapa hapa. Mama mkubwa ameshauliza mara mbili lini atarudi pangoni.