Mjomba kanipa nafasi ya albamu moja tu: nimwekee ipi ya Camel?

Mwana_Shangani (Mtwara)

Wakuu, habari za mchana. Nahitaji ushauri, na hata nyie mnaosema roki ni kelele karibuni.

Mjomba wangu alipiga besi kwenye bendi ya dansi kule Lindi ujanani. Mpaka leo redio ikipiga wimbo wenye gitaa lililolegea nyuzi anainua kichwa kama kaitwa. Msimamo wake ni mmoja: Wazungu wanajua kupiga gitaa ila hawajui kuliliza. Tumebishana weee, mwisho kaniambia, lete albamu moja, nitaisikiliza Ijumaa baada ya Isha, mwanzo mpaka mwisho. Isiponigusa usinifungulie tena hayo mambo. Na mnajua neno la mjomba lina uzito gani huku kwetu.

Bendi nimeshaamua, ni Camel. Jamaa wa Guildford, Uingereza, walioanza 1971: Andrew Latimer gitaa na filimbi, Peter Bardens kinanda, Doug Ferguson besi, Andy Ward drams. Ukitaja roki ya progresivu, yaani ile ya nyimbo ndefu zinazobadilika badilika, watu wanakimbilia Pink Floyd, Genesis na Yes. Camel hutajwa mwishoni, kama watatajwa. Naona hawatendewi haki. Latimer hana haja ya kukimbiza vidole. Anashika noti moja, anaivuta taratibu, anaiacha itetemeke hadi inakaribia kukatika, ndipo anasogea kwenye nyingine. Mjomba anachokitaka ni hicho hicho, sema hajakisikia kwa mtu wa kule.

Nimebaki na nne: The Snow Goose (1975), Moonmadness (1976), Harbour of Tears (1996) na Rajaz (1999). Kiingereza cha mjomba ni cha salamu tu, lizingatieni hilo. Nawasikiliza.

KoroshoGhafi (Masasi)

Moonmadness, mkuu, usizunguke. Mtu alikuwa mpiga besi, sasa utampa albamu ya filimbi na ndege? Moonmadness ni ya mwisho ya wale wanne wa mwanzo wakiwa pamoja, na humo kila mmoja ana wimbo unaomchora yeye: Air Born ni wa Latimer, Chord Change ni wa Bardens, Another Night ni wa Ferguson, Lunar Sea ni wa Ward. Mwambie mjomba, "huu hapa wimbo wa mpiga besi," halafu kaa kimya umwangalie. Lunar Sea inafunga albamu, haina maneno, drams zinageuka geuka bila kupotea njia. Tena Moonmadness ndiyo albamu yao iliyopanda juu zaidi kwao Uingereza, namba 15 kwenye chati.

Bi_Mikindani

Hamjambo wanangu. Mimi The Snow Goose, na nitaeleza kwa kirefu maana naona watu wanaipita kwa dharau ya "filimbi na ndege".

Ile albamu imetokana na kisa cha mwandishi Paul Gallico. Mchoraji mmoja mwenye kibiongo, Rhayader, kajitenga kwenye mnara wa taa uliotelekezwa, kwenye vinamasi vya pwani ya Essex. Binti anaitwa Fritha anamletea bata bukini mweupe aliyejeruhiwa. Wanamtibu, ndege anapona, anahama, anarudi. Baadaye, 1940, majeshi ya Uingereza yamekwama pwani ya Dunkirk, Rhayader anachukua kijahazi chake kwenda kuokoa watu, na harudi. Camel hawakuweza kutumia maneno ya kisa chenyewe, na Gallico alipinga mpaka ikabidi jalada liandikwe kwamba ni muziki uliovuviwa tu. Basi wakakisimulia chote kwa vyombo. Kuna mahali, kwenye Migration, utasikia sauti za watu, lakini hakuna neno hata moja wanalotamka.

Sasa Mwana_Shangani, hukusema Kiingereza cha mjomba ni cha salamu? Hapa hakihitajiki hata hicho. Msimulie kisa kwa Kiswahili kabla hujabonyeza, halafu umwache. Filimbi inapoingia kwenye Rhayader ni Latimer mwenyewe anapuliza, wepesi, kama mtu anayetembea asubuhi peke yake hana shida na mtu. Wimbo unaofuata, Rhayader Goes to Town, unaanza kwa shamrashamra za mjini, halafu mwishoni kasi inakatwa na gitaa linabaki linalalamika polepole. Hapo umeshamjua huyo bwana, na hajasema kitu. Na Dunkirk inaanza kama gwaride la mbali, inaongezwa chombo kimoja kimoja, David Bedford kapanga okestra kwa subira, mpaka inakujaa kifuani. Oktoba 1975 waliipiga yote jukwaani Royal Albert Hall, wakiwa na London Symphony Orchestra.

Mtani_wa_Lindi

Bi Mikindani, shikamoo. Umesimulia mpaka nimetamani kuisikiliza upya, lakini sikubaliani. Mtu wa dansi amezoea kuimbiwa. Dansi bila maneno kwake ni utangulizi, anasubiri mwimbaji aingie. Utamkalisha dakika arobaini na tatu akisubiri mwimbaji asiyekuja?

Mpe Harbour of Tears. Ni habari ya familia ya Ireland inayotawanyika. Bandari yenyewe ni Cobh, kusini mwa Ireland, ndiko walikopandia meli mamia kwa maelfu kwenda Marekani na wengi hawakurudi kuwaona wazazi wao. Hata Titanic ilitia nanga hapo mara ya mwisho, Aprili 1912. Latimer alifiwa na baba yake, akaanza kufuatilia ukoo, akaambiwa wazee wake walipitia bandari hiyo. Albamu inaanza na sauti ya mwanamke peke yake, hakuna chombo, anaimba kama mtu anayebembeleza mtoto na huku anaaga.

Kuna wimbo unaitwa Send Home the Slates. Nikiona hilo jina tu nawaza vigae vya kuezekea vinavyotumwa nyumbani. Jamani, kuna mtu wa Lindi au Mtwara asiyeijua hiyo? Kijana yuko Dar anauza maji stendi, mwisho wa mwezi anatuma hela, na simu ya mama haianzi na hujambo, inaanza na "bati zimefika kumi na mbili, bado kenchi." Huo mstari mmoja ukimtafsiria mjomba wako, kazi imekwisha.

FundiSpika_Ligula

Bishaneni tu, lakini kwanza mnijibu: atasikilizia nini? Kama ni spika ya simu, achaneni na yote. The Great Marsh inayofungua Snow Goose inaanza chini mno, bodaboda ikipita tu mjomba anauliza mbona hujawasha. Na Harbour of Tears inaishia na mawimbi ya bahari dakika nyingi sana, wateja wawili wamewahi kuniletea simu wakidhani imeganda. Aje mtu achukue spika kwangu, za mbao, zile kubwa. Nitakuazima mpaka Jumamosi, usiweke chai juu yake.

Mwana_Shangani

@FundiSpika_Ligula hapo umenikomboa. Nakuja Alhamisi.

@Mtani_wa_Lindi hiyo ya bati imenichoma, ila tatizo nitakuwa mkalimani usiku kucha. Mjomba hapendi mtu anayeongea juu ya muziki.

Mjusi_wa_Tendaguru (Lindi)

Mbona hamna anayeitaja Stationary Traveller ya 1984? Inahusu Berlin iliyogawanywa, watu wanaotaka kuvuka ukuta. Na sisi watu wa Lindi Berlin inatuhusu, mijusi yetu mikubwa ya Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, iko kule tangu Wajerumani walipoifukua kati ya 1909 na 1913. Makumbusho yenyewe yalikuwa upande wa Mashariki, kwa hiyo mifupa yetu nayo ilikaa nyuma ya ukuta, na haikuulizwa kama inataka kuvuka. Wimbo wa jina la albamu hauna maneno, gitaa linaanza kavu halafu linapanda. Na Long Goodbyes ya mwisho ni ya kuagana haswa.

KoroshoGhafi (Masasi)

😂😂 Mjusi unatafuta ugomvi na Wajerumani kwenye uzi wa muziki. Nyimbo nzuri, sikatai, ila sauti za vinanda na drams ni za miaka ya 80 sana. Mzee wa dansi atasema ni disko.

Mzee_wa_Chemko (Nachingwea)

Wanangu, marahaba kwa wote. Nimesoma kuanzia juu. Mimi ni rika la huyo mjomba, kwa hiyo nisikilizeni.

Mnaogopa urefu bure. Sisi tulizoea wimbo wa dansi wenye vipande viwili: kwanza mnaimbiwa taratibu, kisa kinaelezwa, halafu waimbaji wanakaa pembeni, magitaa yanachukua, ndiyo chemko. Sasa chukueni Lady Fantasy ya kwenye Mirage, 1974, dakika zaidi ya kumi na mbili. Maneno machache, kisha gitaa na kinanda vinapokezana, kasi inapanda, inashuka, inapanda tena. Mjomba wenu ataielewa kabla hajaambiwa. Wakati sisi tunamsikiliza Mbaraka Mwinshehe anavyolifanya gitaa liitikie, hawa walikuwa kwao wanafanya jambo la jirani kabisa. (Mirage ndiyo ile yenye jalada lililofanana na pakiti ya sigara, Marekani ikabidi waweke picha nyingine.)

Lakini kwa hayo manne yako nachagua Rajaz. Rajaz ni bahari ya ushairi wa Kiarabu, na Latimer aliichukua ile habari kwamba mahadhi yake yalitokana na hatua za ngamia jangwani. Wimbo wenye jina hilo unatembea hivyo hivyo: gitaa kavu, cello chini yake, hauna haraka ya kufika. Aliyekulia madrasa na kaswida hatashangaa. Pia hapo Latimer ni mtu mzima. Bardens alishaondoka kwenye bendi tangu 1978 na akafariki Januari 2002, albamu iliyofuata wakamtunuku yeye. Latimer mwenyewe aliugua, 2007 akapandikizwa uboho, na 2013 akarudi jukwaani. Sikiliza solo za Rajaz ukilijua hilo.

Bi_Mikindani

Mzee, heshima yako. Ila Rajaz inakaribia saa nzima, na mtu kasali Isha, kala, kakaa kwenye kiti chenye mto. Atalala.

Mzee_wa_Chemko (Nachingwea)

Bibi, sisi wazee hatulali. Tunafumba macho.

KoroshoGhafi (Masasi)

Kama ingekuwa wimbo mmoja badala ya albamu ningesema Ice, ya 1979, tukamaliza mjadala saa hizi. Dakika kumi, gitaa tupu.

Mwana_Shangani

Nimeamua, Snow Goose. Hoja ya lugha imenishinda. Kisa nitamweleza wakati wa chakula, kisha nanyamaza. Nitaleta majibu.

Mwana_Shangani (Jumamosi)

Haya wakuu, ripoti.

Spika za fundi zilifanya kazi yake, mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna arusi. Mwanzo mjomba alikuwa anachokonoa meno. Filimbi ilipoingia akasema, "huyu anapumua vizuri." Kwenye Rhayader Goes to Town akasogeza kiti, akauliza besi ni ya nani, nikamwambia Ferguson, akasema, "hajitangazi, mzuri." Ile sehemu ya mwisho gitaa linapobaki peke yake hakusema kitu, ila kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatafuta noti kwenye mkono wa kiti.

Vipande vya katikati vile vifupi vifupi vilimchosha, sitaficha. Akauliza mara mbili, "anaimba saa ngapi?" (Mtani, cheka tu.) Dunkirk ikamrudisha. Fritha Alone ilipoanza akamwambia shangazi azime bomba la maji.

Hukumu yenyewe: "Huyu wa gitaa analia, nakubali. Ila analia kwa adabu. Wa drams ana haraka kidogo. Na wangekuwa na mwimbaji wangekuwa bendi."

Mtani_wa_Lindi

"ANAIMBA SAA NGAPI?" Nilisema nini mimi? Mzee wa watu kakaa anasubiri mwimbaji!

Bi_Mikindani

Amekubali gitaa linalia. Ubishi ulikuwa huo, na umekwisha. Huo wa mwimbaji ni mwingine.

KoroshoGhafi (Masasi)

Besi "hajitangazi, mzuri". Sasa mpeleke Moonmadness akamsikie akijitangaza.

Mwana_Shangani

Kanipa Ijumaa nyingine, hilo ndilo la muhimu. Lakini kaweka sharti: iwe na kuimba, na nimwandikie maneno kwa Kiswahili kwenye karatasi, herufi kubwa, miwani yake imevunjika mkono mmoja.

Mtani_wa_Lindi

Basi Harbour of Tears haina mpinzani. Yangu iko kwenye flashi, safi kabisa, siyo ile ya kupakua yenye matangazo katikati. Nampa kondakta wa kosta ya kesho asubuhi. Tafsiri ya ule wa bati naifanya mwenyewe leo usiku.

Mwana_Shangani

Mpe. Niandikie namba ya gari, nitaisubiri stendi. Na ile ya mawimbi mwishoni niambie yanaanzia dakika ya ngapi, nizime kabla mjomba hajaniambia spika ya fundi imekufa.