Kitabu gani cha C nianze nacho?

Kijana wa Sakina: Wakuu habarini, niko Arusha nataka kujifunza C, ile lugha ya kuandikia programu, na jinsi kompyuta inavyofanya kazi kwa ndani, hela niliyonayo ni ya kitabu kimoja tu, nichukue kipi?

Mdau Moshi: Mkuu chukua cha Kernighan na Ritchie (The C Programming Language), toleo la pili la 1988, hakifiki kurasa 300 ila usisome tu kama gazeti, fanya mazoezi yote, hasa ya pointa, yaani vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu.

Dada Njiro: Kweli, ila hicho hakiingii ndani ya prosesa na kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa. Pointa zikishakaa hamia cha Bryant na O'Hallaron (Computer Systems: A Programmer's Perspective), kinene kweli, ndo utaelewa kwa nini inti (aina ya namba kamili kwenye C) ya biti 32 inagota 2,147,483,647.

Kijana wa Sakina: Laptopu yangu ina ramu ya GB 2 tu dada, itatosha?

Dada Njiro: Inatosha kabisa mdogo wangu, weka mfumo endeshi wa Linux nyepesi na gcc, ile programu ya kukompaili C, uanze.