"Mbona mlisaini wenyewe?" Karatasi ya MAHUDHURIO imegeuzwa hati ya kukubali barabara ya mtaa iwe ya njia moja!

Wakuu, nimetoka mkutanoni sasa hivi, damu inachemka. Yule bwana wa kizibao cha kung'aa, mnamjua, sina haja ya kumtaja, kasimama mbele ya wazee wa mtaa, kainua karatasi ya mahudhurio juu, kasema: "Mbona mlisaini wenyewe?"

MAHUDHURIO! Ile inayozungushwa na kalamu moja: jina, simu, sahihi, basi. Leo imebanwa nyuma ya ripoti eti wananchi wameridhia. Kwa mtindo huu ukisaini daftari la msibani utaambiwa umekubali kuzikwa.

Mchoro uliobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa hapa Sinza ulionyesha magari yaingilie barabara kubwa yatokee sokoni. Mishale iliyochorwa kwenye lami inaelekea kinyume. Anaita "marekebisho madogo". Madogo? Nchi hii tunaendesha kushoto na mlango wa daladala uko kushoto. Ukigeuza uelekeo, abiria wanashukia upande wa pili. Kibanda na zege la kituo vimebaki kule, huku kuna mtaro wazi. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya dagaa sharti awe bingwa wa taifa wa kuruka viunzi!

Magari nayo yalihesabiwa Jumapili asubuhi. Jumapili! Hesabu ya maana ni siku ya kazi, shule zimefunguliwa, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni, daladala mbali, bajaji mbali, bodaboda mbali, maguta mbali, na waenda kwa miguu wahesabiwe. Tena njia moja inaongeza mbio, maana dereva hana wa kumkabili. Ukiwa spidi 50 unahitaji kama mita 24 kusimama, ukiwa 30 ni mita 12 hivi. Na shule iko pale konani.

Yote tisa, kumi ni ile karatasi. Kainua juu kabisa, wakuu. MAHUDHURIO!

Kokoto Nne: Mlifuata soda, mkasaini, mkanywa. Sasa kilio cha nini?

Mzee wa Zamu: Mkuu Kokoto, soda haigeuzi mtaa. Karatasi ya maoni inatakiwa iwe na swali, "unakubali" na "hukubali", na mchoro wenyewe uwe na tarehe na namba ya toleo. Bila hivyo kila mtu anasaini asichokijua. Mleta uzi, mlipiga picha ule mchoro wa kwanza? Kama hamna picha, mmekwisha.

Rangi ya Moto: Kosa ni kuchora kabla ya kujaribu. Unaweka koni na mapipa ya mchanga wiki tatu, unaona lori la taka linakwama wapi, ndipo unachora. Hiyo rangi ya mishale inamwagwa ya moto, haitoki kwa tineri. Itakwanguliwa kwa mashine na lami itabaki na kovu la mshale. Usiku wa mvua kovu linang'aa kuliko mshale mpya, dereva mgeni anafuata la zamani. Mkigeuza tena, mwagieni lami nyembamba sehemu yote.

Dada wa Tabata: Nyie mna mishale, mshukuru! Huku watu wamejijengea matuta ya zege wenyewe. Tuta la mviringo la kistaarabu lina mita 3.7 kutoka mwanzo hadi mwisho na kimo cha sentimita 10, tairi linapanda taratibu. La kwetu ni ukuta! Gari ndogo inaning'inia tumboni, magurudumu yote hewani.

Kokoto Nne: Tumboni 😂😂 Bora ukuta kuliko bodaboda wanaopita kinyume.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mahudhurio! Kainua karatasi JUU!

Mzee wa Zamu: Dada wa Tabata, tuta hilo halina nafasi ya maji pembeni? Likiziba mfereji, mvua ya kwanza lami inachimbika upande wa juu.

Dada wa Tabata: Halina hata tundu. Sasa hivi kuna bwawa, na bajaji zinalizunguka kwa kupita barazani kwa watu.

Chemba: Afadhali bwawa. Kwetu mifuniko ya chuma ya chemba imeishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Daini ya zege yenye nondo, hiyo haiuziki.