Shingo inauma na vidole vinakufa ganzi baada ya kutibu meno: naomba ushauri

Habari zenu, madaktari wenzangu. Nimetibu meno kwa miaka 11, na kwa miezi sita sasa shingo yangu hukakamaa kila jioni, maumivu yakishuka hadi bega la kulia. Nikishughulikia magego ya juu hujikuta nimeinama na kupinda kiuno ili nione vizuri, huku kiwiko kikiwa hewani bila egemeo. Juma lililopita, nilipokuwa nikiondoa ugaga (uchafu mgumu unaoganda kwenye meno), kidole gumba na cha shahada vilikufa ganzi, kikwangulio kikaniponyoka na kuangukia kwenye kitambaa kilichofunika kifua cha mgonjwa. Niliogopa sana. Je, ninunue kiti chenye umbo la tandiko la farasi?

Jibu la kwanza:
Pole sana, daktari. Kiti hicho kinafaa, kwa kuwa huinua nyonga juu ya magoti na kuuacha mgongo na mkunjo wake wa asili, lakini mimi ningeanza na mgonjwa. Wengi wetu humlaza nusu nusu kwa kumwonea haya, kisha gharama inalipwa na shingo zetu. Kwa meno ya juu mlaze chali kabisa, isipokuwa kama ni mjamzito aliyekaribia kujifungua au ana shida ya kupumua, mwambie ainue kidevu, na kinywa chake kiwe usawa wa viwiko vyako vikiwa karibu na mbavu. Kisha keti nyuma ya kichwa chake, utazame kupitia kioo kidogo cha kinywani. Kichwa chako kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kikiinama mbele misuli ya shingo hukishikilia mfululizo bila kupumzika.

Jibu la pili:
Ushauri huo ni mzuri, ila mimi ganzi ndiyo inayonitia wasiwasi. Huenda neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, au chanzo kiko shingoni, na hilo halijulikani bila kupimwa. Usisubiri. Wakati huohuo vaa glovu zisizobana, na unoe vikwangulio vyako, maana kilicho butu hukulazimisha kukikamata kwa nguvu nyingi mno.

Mwuliza:
Asanteni sana. Jana nilimlaza mgonjwa wa mwisho kama mlivyoelekeza, na ingawa kwenye kioo mkono wangu ulikuwa ukienda kinyume na nilivyokusudia, kiwiko hakikuondoka ubavuni. Alhamisi nitakwenda kupimwa mkono na shingo.