Yaya wa nyumbani au kituo cha kulea watoto kwa mtoto wa miezi minne?

Mama Imani, Donholm

Habari zenu, wazazi wenzangu. Likizo yangu ya uzazi, nikiunganisha ile miezi mitatu ya kisheria na likizo ya mwaka, inakwisha mwishoni mwa mwezi huu. Nitakaporejea kazini Upper Hill, hapa Nairobi, binti yetu atakuwa na miezi minne na kidogo. Baba yake anafanya kazi kwa zamu katika Eneo la Viwanda, kwa hiyo kuna majuma anayoshinda nyumbani, lakini mtu aliyekesha kazini hawezi kukabidhiwa mtoto mchana kutwa bila kulala. Mimi hutoka nyumbani alfajiri ili nisikwame kwenye msongamano wa Jogoo Road, na jioni siwezi kuahidi kufika kabla ya saa moja.

Tuna njia tatu. Tunaweza kuajiri yaya wa kuishi nasi, ingawa nyumba yetu ina chumba kimoja tu cha kulala. Tunaweza pia kumpeleka mtoto katika kituo kilicho karibu na lango la mtaa wetu, ambacho majirani wanakisifu kwa ada nafuu na kwa kufunguliwa mapema. Nilikitembelea asubuhi moja, nikaonyeshwa picha za wanyama ukutani, vitanda vidogo na televisheni kubwa, lakini nilipouliza mlezi mmoja huangalia watoto wachanga wangapi, nikajibiwa kwamba walezi wote wanasaidiana. Njia ya tatu ni mama yangu mzazi aliye Kakamega, ambaye yuko tayari kumchukua mjukuu wake mpaka atimize miaka miwili. Sina shaka hata kidogo na malezi yake, ila mtoto bado ananyonya na sitaki kumwachisha mapema hivi.

Ninaomba ushauri wenu, hasa kuhusu mambo ambayo mzazi anapaswa kuyatazama na ambayo mgeni hatembezwi kuonyeshwa.

Mama Pendo, Umoja

Hongera kwa mtoto, dada. Katika yote uliyoandika, jibu hilo kwamba walezi wote wanasaidiana ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtoto wa miezi minne anapaswa kuwa na mtu wake, mtu anayezijua ishara zake za njaa na za usingizi, na anayeweza kukueleza jioni alivyoshinda. Pale ambapo kila mtoto ni wa kila mlezi, mara nyingi hakuna hata mmoja aliyemwangalia kwa makini, na ukiuliza amekula nini au amelala saa ngapi utapewa majibu ya kukisia.

Usiende tena asubuhi, kwa sababu kituo chochote kinaweza kupendeza asubuhi, sakafu ikiwa imepigwa deki na watoto ndio kwanza wamefika. Nenda wakati wa chakula cha mchana, kisha urudi saa kumi na moja jioni walezi wanapokuwa wamechoka. Mimi nilipokuwa nikimtafutia kitinda mimba wangu mahali, niliingia katika kituo kimoja safi sana wakati wa kula, nikamkuta mlezi ameketi mbele ya safu ya watoto akiwa na bakuli moja na kijiko kimoja, kijiko kikihama kutoka kinywa hadi kinywa. Waliomaliza waligeuzwa kuelekea televisheni, na hakuna aliyelia. Utulivu ule haukunipendeza, maana watoto wadogo kiasi kile huwa hawanyamazi wote kwa pamoja isipokuwa wamezoea kutoitikiwa.

Kituo nilichokichagua baadaye kilikuwa na nafasi ndogo na kuta tupu, na kelele zake zilisikika tangu nje. Hata hivyo, nilimwona mlezi akimbadilisha mtoto nepi huku amemwinamia na kumweleza anachofanya, akingoja mtoto amtazame ndipo amwinue miguu. Mwingine alipoanza kulia kwenye mkeka, aliitwa kwa jina lake kabla hata hajafikiwa. Hayo ndiyo niliyolipia ada.

Tazama pia lango, na uulize ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Ikiwa mtu yeyote anaweza kusema ametumwa na mama Imani akakabidhiwa mtoto, usimwache hapo hata kwa siku moja.

Muuguzi Mstaafu, Buruburu

Mwanangu, nimefanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, na ningependa kuanzia pale wazazi wengi wanapopasahau, yaani maziwa yako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine chochote mpaka atimize miezi sita, hata maji, na kurudi kazini hakulazimu mpango huo uvunjike. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamulia maziwa, na inakupa mapumziko ya kufanya hivyo yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wako wa kawaida wa chakula. Zungumza na ofisi yako kabla ya siku ya kwanza, na choo kisihesabiwe kuwa mahali hapo.

Maziwa yaliyokamuliwa yasikae zaidi ya saa nne katika joto la kawaida la chumba, na kwenye friji yanaweza kukaa hadi siku nne. Kwa hiyo, yeyote utakayemwajiri au kituo chochote utakachokichagua, muulize maziwa yatahifadhiwa wapi, kisha umwombe akuonyeshe friji yenyewe. Uliza jinsi yanavyopashwa moto. Jibu zuri ni kwamba chombo huwekwa ndani ya maji ya moto, kwani maziwa hayo hayachemshwi katika sufuria. Mimi huwashauri akina mama wawazoeshe watoto kunywa kwa kikombe kidogo kilicho wazi, kwa kuwa kukiosha ni rahisi kuliko kuosha chupa na chuchu zake, lakini anza mazoezi hayo sasa ukiwa bado nyumbani.

Jambo la pili ni usingizi. Mtoto mchanga hulazwa chali, mahali pagumu pa kutosha, bila mito wala blanketi nzito karibu na uso wake. Ingia katika chumba wanacholala na utazame kama kina dirisha linalofunguka na kama jiko la makaa huletwa humo siku za baridi. Hewa yenye sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na huua watu wazima waliolala, sembuse kichanga. Pia ninakusihi uulize waziwazi kuhusu dawa. Kuna walezi wanaowapa watoto dawa za mafua zinazosinzisha ili walale mchana kutwa, na nimewapokea kliniki watoto wa namna hiyo wakiwa wamelegea mwili, mama zao wakidhani ni malaria. Kama mtoto anashinda amelala kila siku, usiku anakesha, na jioni unamkuta amezubaa hata usipokuwa wakati wake wa kulala, usisubiri uthibitisho mwingine.

Kituo kizuri kitakuomba kitabu cha kliniki kabla ya kumpokea mtoto, na kitakagua kama amepata chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kisipouliza kuhusu wako, kumbuka hakikuuliza kuhusu wale wengine pia. Na ile televisheni uliyoonyeshwa isikuvutie, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2019 haupendekezi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja atazame skrini hata kidogo.

Baba Zuri, Kasarani

Nitazungumzia yaya, kwa kuwa ndiye tuliyemchagua. Wazazi wengi tunaajiri mtu mmoja na kumpa kazi tatu: kulea, kupika na kufua nguo za nyumba nzima, kisha tunashangaa kwamba mtoto amefungwa mgongoni au ameachwa kitandani kutwa. Mwenye sabuni mkononi hawezi kuwa na macho kwa mtoto. Sisi tulikubaliana tangu mwanzo kwamba kazi ya kwanza ni mtoto, na kwamba tukirudi jioni tukakuta vyombo havijaoshwa hatutalalamika. Nguo nzito hufuliwa na mama mwingine anayekuja mara moja kwa juma.

La pili ni malipo. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa kuanzia Novemba 2024 kwa wafanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilikuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba, na mwajiri ana wajibu wa kuchangia NSSF, yaani hazina ya akiba ya uzeeni, na kuwasilisha makato ya SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya mwaka yenye malipo. Ninayataja haya kwa sababu mtoto huumia kila yaya anapoondoka ghafla, na yaya anayelipwa nusu ya haki yake huondoka pindi anapopata shilingi mia tano zaidi kwingine. Mtoto aliyebadilishiwa walezi kila baada ya miezi miwili huanza upya kila mara kujifunza sauti na mikono mipya.

Usimchukue mtu kwa picha tu iliyotumwa na wakala. Nakili kitambulisho chake, omba hati ya tabia njema kutoka DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, na umpigie simu mwajiri wake wa awali umuulize swali moja: je, angemkubali tena? Kisha aanze kazi wewe ukiwa bado likizoni. Mkae wote watatu, umwone akimlisha mtoto, na mtoto apate kumzoea ukiwa karibu.

Mwenye Kituo, Kayole

Dada, naendesha kituo kidogo, na ningependa uelewe hesabu zetu ili ujue ada nafuu hutoka wapi. Kodi ya nyumba, chakula na maji havipungui, kwa hiyo kituo kinachotoza kidogo kupita kiasi kina njia mbili tu: kuwalipa walezi vibaya au kupokea watoto wengi kwa kila mlezi. Mimi simpi mlezi watoto wachanga zaidi ya watatu, kwa sababu ikitokea moto au mafuriko hana mikono ya kubeba wa nne. Wazazi wengine huniona ghali, nami siwalaumu, kwani mishahara yao ninaijua.

Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo vya kulea watoto mwaka wa 2017, kwa hiyo una haki ya kuuliza kuhusu usajili na kuonyeshwa vyeti vya afya vya wapishi na walezi. Hata hivyo, cheti hakimbebi mtoto anapolia. Vipo vituo vidogo katika mitaa yetu, vinavyoendeshwa na akina mama ambao hawajakamilisha makaratasi lakini wanalea kwa moyo na kwa usafi, na vipo vyenye kila muhuri ambavyo nisingewapeleka wanangu. Anza na yale uliyoyaona kwa macho yako, kisha ukague karatasi.

Jambo litakalokuletea taabu ni saa zako za jioni. Vituo vingi hufunga saa kumi na mbili, na mzazi akichelewa, mlezi aliyekuwa mpole mchana huwa amekwisha nguvu. Ukija kila siku saa moja na nusu, mwanao ndiye atakayebaki peke yake na mtu anayetamani kwenda kwake. Kwa ratiba uliyoieleza, nadhani kituo hakikufai kwa sasa, hata changu.

Mama Imani, Donholm

Nawashukuru sana nyote. Muuguzi, nilirudi katika kile kituo wakati wa mchana kama nilivyoshauriwa, nikaambiwa chumba cha kulala hakiingiwi na wageni, na hapo nikaamua kukiacha. Nimezungumza pia na mama yangu, naye amekubali kuja kukaa nasi majuma ya kwanza badala ya kumchukua mtoto.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu ana mtoto wa miezi mitano na yuko katika hali kama yangu. Tumefikiria kumwajiri yaya mmoja kwa pamoja, asiyelala kwetu, tumlipe vizuri kwa kuchangiana. Je, kuna aliyewahi kufanya hivyo, na tuafikiane kuhusu nini kabla ya kuanza?

Baba Zuri, Kasarani

Dada yangu na mama mwenzake wanafanya hivyo huko Zimmerman, na watoto wao wamekua kama ndugu. Chagueni nyumba moja ya kushinda, msiwahamishe watoto kila juma, na anayetoa nyumba apunguziwe mchango wake kwa sababu ya umeme, maji na gesi. Andikeni saa za kazi za yaya, siku yake ya mapumziko, na nani atakayebaki na watoto yaya akiugua. Yaya alipwe na nyinyi wote siku ile ile ya mwezi, asiwe akimfuata mmoja wenu kumdai. Mtoto akipata homa au kuharisha, abaki na mzazi wake mpaka apone, na mchango wa mwezi usipunguzwe kwa siku hizo. Hilo la mwisho ndilo lililokaribia kuwagombanisha dada na mwenzake, kwa hiyo likubalini sasa wakati watoto wote wawili ni wazima.

Muuguzi Mstaafu, Buruburu

Nakubaliana naye. Ongezeni jambo moja, mwanangu: vikombe vya watoto viwe vya rangi tofauti na maziwa ya kila mama yaandikwe jina na tarehe, na yaya asimpe mtoto yeyote dawa isiyoachwa na mama yake kwa maandishi, hata iwe ya kikohozi tu. Namba ya simu ya kliniki iliyo karibu ibandikwe mlangoni pamoja na dalili hizi: mtoto anayekataa kunyonya kabisa, anayepumua kwa haraka au kwa shida, anayepatwa na degedege, au anayelala asiamshike. Yaya akiona mojawapo, ampeleke kliniki kwanza, kisha ndipo awapigie simu.