Baba kapata kiharusi, mdogo wangu amepooza: niwapeleke makao ya pamoja?

DadaMkubwa aliandika:

Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya waliopitia haya. Lawama nimeshazisikia za kutosha.

Nyumbani tuko watatu. Baba ana miaka 78, kiharusi kimemwachia udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Kula anakula mwenyewe, kuongea ndiyo usiseme, ila kuoga, kuvaa na kutoka kitandani hawezi bila mtu. Usiku ni safari za chooni tu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, aliumia uti wa mgongo kwenye ajali na amepooza kuanzia kifuani kushuka chini. Anatumia kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo, na anafanya kazi ya uhasibu kwa kompyuta humu humu ndani. Anayewanyanyua wote wawili ni mimi, na sasa mgongo wangu umeanza kugoma.

Kuna sehemu nimeelekezwa, wanapokea wazee na watu wenye ulemavu. Unapewa chumba chako, wahudumu wanakusaidia kuoga na kukumbuka dawa, chakula kipo, nesi yupo. Nikaona basi, niwapeleke wote wasitengane. Baba amekubali shingo upande. Mdogo wangu kaninunia, kaniambia tu "mimi si mzee", akafunga mlango.

Je, kuwaweka pamoja ni sawa? Na nikienda kukagua, niangalie nini?

Mpita_Njia:

Pole dada. Mimi ningesema mzazi hatolewi nyumbani. Ajiri mtu akusaidie, yatakwisha.

Magurudumu:

Mpita_Njia, huyo mtu mmoja wa kuajiriwa atalala saa ngapi? Tuendelee.

DadaMkubwa, mimi nimepooza kama mdogo wako, na sehemu ya aina hiyo nimeishi, kwa hiyo naanza na upande wake. Kununa kwake hakuna maana kwamba hakushukuru. Makao mengi yamepangwa kwa ratiba ya mzee mchovu. Kule nilikokuwa nilikuwa nalazwa saa moja jioni, jua halijazama vizuri, kwa sababu zamu ya mchana inaondoka saa mbili na usiku hakuna mtu wa pili wa kusaidia kunihamisha kutoka kwenye kiti. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na usingizi. Wahudumu wenyewe walikuwa wapole kweli, na hilo ndilo linaloudhi, maana huna hata wa kugombana naye. Sasa fikiria mtu mwenye kikao cha kazi saa tatu asubuhi, halafu zamu yake ya kuoga ni saa nne.

Wala asionekane anadeka. Ed Roberts, aliyepoozeshwa na polio, alipoingia chuo kikuu cha California kule Berkeley miaka ya 1960 alipewa makazi ndani ya hospitali ya chuo, kwa kuwa mabweni hayakuweza kupokea ile mashine kubwa ya chuma iliyomsaidia kupumua. Mwaka 1972 kituo cha maisha ya kujitegemea kikaanzishwa pale Berkeley, yeye akiwa miongoni mwa viongozi wake, na msimamo wao ulikuwa kwamba mwenye ulemavu ndiye anayemwelekeza msaidizi wake. Baadaye wazo hilo likaingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 19: unachagua unakaa wapi na unakaa na nani, na hulazimishwi kuingia katika mpango fulani wa makazi.

Mimi sasa niko kwenye jengo la kawaida. Kila mtu ana nyumba yake na ufunguo wake, na wasaidizi wa zamu wanakaa chini, unawaita kwa kengele unapowahitaji. Njia nyingine ni kurekebisha nyumba mliyo nayo na kuajiri msaidizi wa saa za asubuhi na usiku. Kwa mtu anayefanya kazi, mojawapo ya hizo ningeitazama kabla ya makao.

Mkienda kukagua, chukua futi kamba. Mlango uwe na uwazi usiopungua sentimita 82 hivi. Bafuni kuwe na nafasi ya kugeuza kiti, duara la sentimita 150. Rampu: kila sentimita 10 za kupanda zinataka urefu wa sentimita 120, ikiwa fupi zaidi ya hapo hiyo ni ya kupigia picha.

Halafu uliza hili, tena umuulize mhudumu, si meneja: "Mkazi aliyepooza kutoka kifuani akianza ghafla kuumwa kichwa sana, uso umewiva na anatoka jasho, unafanya nini?" Akijibu atampa dawa ya maumivu akapumzike, ondokeni. Kwa sisi tulioumia juu ya katikati ya kifua, mpira wa mkojo ukijikunja tu na kibofu kikajaa, presha inaweza kupanda mpaka ikaua. Hatulazwi chini. Tunakalishwa wima, miguu inashushwa, nguo zinalegezwa, mpira unakaguliwa hapo hapo, na kama dalili haziishi inaitwa huduma ya dharura. Mdogo wako anayajua haya. Swali ni kama watamsikiliza akiyasema.

Nesi_wa_Usiku:

Nakubaliana na Magurudumu kuhusu kijana. Kwa baba nina mtazamo tofauti kidogo, yeye makao yanaweza kumfaa sana.

Sisi hupima kwa mambo sita aliyoyapanga daktari Sidney Katz na wenzake mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kujihamisha, kuzuia haja, kula. Baba yako anahitaji mtu kwenye manne. Sehemu nyingi za aina hiyo zinampokea anayehamishwa na mtu mmoja, ila akifikia kuhitaji watu wawili wanakuambia umtafutie kwingine. Kwa hiyo swali langu la kwanza lingekuwa: ni hali gani ikitokea mtamwondoa? Wakupe kwa maandishi.

Nenda jioni, usiwaambie kuwa unakuja. Omba ubonyeze kengele ya chumbani, uone mtu anafika baada ya muda gani. Uliza usiku wako wangapi na wanahudumia wakazi wangapi. Mchana kila mahali panapendeza. Angalia pia kama mlango wa chumba unafungika kwa ndani. Mwanamama Keren Brown Wilson, aliyefungua makazi ya namna hii kule Portland, Oregon, mwaka 1983, alianza kwa kumsikiliza mama yake aliyepooza kwa kiharusi. Mama alitaka mlango wake wa kufunga, jiko dogo na fanicha zake.

Kabla ya kumhamisha moja kwa moja, uliza kama wanapokea mtu kwa wiki chache. Baba ataonja, na wewe mgongo utapumua.

Wakati mnaamua: kitanda kikae baba ashukie upande wa kushoto, ule wenye nguvu. Mwekee chupa ya mkojo karibu na mkono huo. Nunua mkanda wa kushikia kiunoni, acha kumvuta kwa kwapa, bega la upande wa kiharusi huteguka kirahisi. Na hizo safari za usiku zisizoisha mpeleke zikachunguzwe, inaweza kuwa tezi dume, sukari, au dawa ya kutoa maji anayomeza jioni badala ya asubuhi.

DadaMkubwa:

Asanteni sana. Dawa ya kutoa maji anameza baada ya chakula cha usiku! Kesho napiga simu kwa daktari wake.

Nimemsomea mdogo wangu maneno ya Magurudumu kupitia mlangoni, akafungua. Hajasema anakubali chochote, ila ameomba mkataba wa ile sehemu ausome. Kumbe ada inapanda kila "kiwango cha huduma" kikipanda, na haijaandikwa nani anakipima. Anataka kujua swali hilo aliulizeje bila kuonekana mkorofi.

Magurudumu:

Aulize tu kikorofi. Nani anapima, mara ngapi kwa mwaka, na mkazi asipokubaliana na kipimo anakwenda kwa nani. Kwa baba pia ni swali lile lile. Na aende mwenyewe, wewe ukae kwenye gari. Meneja akimjibu kwa kukutafuta wewe kwa macho, atarudi na jibu lake.