Mjadala: Wanafunzi wa masomo ya kufidia wapewe zawadi ili waje?

Mtoa mada: Tangu shule zifungwe kwa sababu ya korona mwaka 2020, masomo ya kufidia, yaani vipindi vya ziada kwa waliobaki nyuma, yamekuwa wimbo. Siku ya kwanza darasa limejaa, baada ya wiki chache wamebaki watatu. Sasa wapo wanaotaka watoto wapewe zawadi. Napinga. Mwaka 1973 huko Marekani, watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti cha kuchora watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadaye, walioahidiwa wakawa wanachora kidogo kuliko wenzao. Zawadi iliua hamu.

Mzazi: Hao walikuwa na hamu tayari! Wangu kitabu hataki hata kukiona. Hamu ipi itauawa hapo?

Mwalimu: Mzazi kagusa penyewe. Mchumi Roland Fryer alijaribu kuwalipa wanafunzi katika miji kadhaa ya Marekani. Dallas, watoto wa darasa la pili walipata dola 2 kwa kila kitabu walichosoma, na ufahamu wao ukapanda. New York walilipwa kwa alama za mtihani, wala hazikupanda. Ukimwambia mtoto "pata alama", hajui aanzie wapi. Kusoma kitabu anaweza kuanza leo.

Ila hata hilo naliona la pembeni. Wanaotoroka vipindi vyangu wengi si wavivu, wanaona haya. Kijana ameshavunja sauti, unamkalisha na ba-be-bi-bo-bu huku wadogo zake wanachungulia dirishani! Hata mimi ningetoroka. Shirika la Pratham la India huwachanganya watoto wa madarasa mbalimbali na kuwapanga kwa kiwango cha kusoma, bila kujali umri. Kila mtoto anahama kiti, kwa hiyo hakuna anayenyooshewa kidole.

Mzazi: Ni kweli, Mwalimu. Wangu daftari la masomo hayo hulificha ndani ya lingine. Na kwa nini vipindi hivyo viwekwe saa ya michezo? Wenzake wanacheza mpira, yeye yumo ndani. Hiyo ni adhabu.

Mtoa mada: La ratiba sikulifikiria, nakiri. Zawadi za alama bado nazikataa. Za vitabu vilivyosomwa, mmenitikisa. Lakini nani atahakikisha kitabu kimesomwa kweli? Mwalimu huyo huyo mwenye vipindi tangu asubuhi?

Mwalimu: Dallas walifanya jaribio fupi kwenye kompyuta. Pasipo na kompyuta, mtoto amsimulie mwenzake alichosoma. Watoto hawadanganyani kirahisi.